Watoto Sita kwa Mwalimu Mmoja

Safari yetu ya Dubai niliifunga kwa sababu ya Shinuna, binti wa dada yangu Thuraya. Miaka miwili kabla yake niliwachukua watoto kumi na mmoja kuogelea pwani ya Sidab, nikiwaangalia peke yangu kwa kujiona hodari. Shinuna alizama huku macho yangu yakiwa kwa wenzake. Mama yangu, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka na kikapu chake cha chakula, ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza: "Shinuna yuko wapi?" Tulimtoa mzima, alhamdulillahi. Thuraya hakunigombeza hata neno. Ila tangu siku hiyo kila nilipomwomba mwanawe twende hata dukani, alikuwa na udhuru.

Basi ukumbi wa theluji ulipofunguliwa Dubai na Shinuna akashika "nataka theluji, nataka theluji", nilipiga simu huko kuuliza masharti. Nikajibiwa kwamba watoto wanaoanza kujifunza hupewa mwalimu mmoja kwa sita, hazidi hata mmoja. Niliipenda idadi hiyo kama niliyeitafuta siku nyingi. Nikamwambia Thuraya: sita tu, nao wana mwalimu wao, na mimi nje ya ukuta wa kioo sibandui macho. Akasema, "Mchukue. Lakini unirudishie." Nikaapa moyoni kwamba safari hii sitamwongeza mtu, aje nani, alie nani.

Kwetu Ansab tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, kwa basi dogo ambalo mume wangu Nassor aliliazima kwenye gereji ya rafiki yake kule Ghala. Nassor alishika usukani. Nyuma walikaa Shinuna, binti yangu Rayya, na watoto wanne wa kaka yangu. Mama naye alikuja, na kikapu chake. Nilisimama mlangoni kuanza: mmoja, wawili, watatu...

"We! Unawahesabu watoto kama mbuzi wa sokoni?" Mama alinikatiza. "Sema mashaallah ukae kitini!"

Kwa Mama, kuhesabu watoto kwa sauti ni kuliita jicho la hasidi kwa jina lake. Nilimaliza kuhesabu kimoyomoyo. Sita.

Tulipofika Barka, jua likichomoza, Mama alimwambia Nassor apinde kushoto, tukamwamkie binti ami yake. Tulikunywa kahawa, tukaaga, na tulipokuwa tunapanda basi binti wa nyumba ile, Nasra, alikuwa ameshakaa dirishani na mkoba wake mapajani.

"Mama, nimelipia nafasi sita!"

"Huyu mwembamba, atapenya," akasema Mama.

"Paspoti yake je?"

Akaitoa kikapuni. Kumbe shauri lilishapikwa zamani! Nassor alitazama barabara kwa bidii kubwa, kama mtu ambaye hakuoa katika familia hii. Nilihamaki, lakini kumteremsha mtoto wa watu mbele ya mama yake sikuweza. Nikajiambia kwamba yatatatuliwa mbele.

Sohar tulisimama kula. Mama alifungua kikapu akagawa mkate wa kumimina aliooka usiku, kila mtoto kipande. Nasra naye alipata, wala vipande havikupungua wala kuzidi. Sisi wakubwa tulingoja mpaka watoto wote wamekwisha kupokea, ndivyo alivyotulea.

Kwenye mpaka wa Wajajah askari aliuliza, "Kam nafar?" yaani tu watu wangapi. Mama akamjibu kwa Kiarabu kilichonyooka, "Mashaallah, wote wamo." Askari alicheka, akazihesabu paspoti mwenyewe. Tukapita katikati ya milima ya Hatta, na kabla ya Adhuhuri tukaingia Dubai.

Saa nane kasoro tulikuwa mbele ya kaunta ya ukumbi. Mwalimu wetu alikuwa dada mmoja aliyevaa koti jekundu. Akawatazama watoto, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaona saba. Nikaomba mwalimu wa pili. Hakuna mpaka kesho.

Mama akaninong'oneza, si kwa sauti ya chini sana, "Mwambie Nasra ni mdogo, hahesabiki. Wakishavaa makofia yale nani atamjua nani?"

"Anahesabika, Mama," akasema yule dada kwa Kiswahili. "Shikamoo. Mimi naitwa Njeri, natoka Nyeri."

Mama hakuona haya hata kidogo. "Marahaba, mwanangu! Basi wewe ni mtu wa kwetu, tufanyie wepesi."

"Mama, sita naweza kuwaona wote kwa mara moja. Wa saba akianguka, nitadhani amechelewa tu. Sitaki kujua nikiwa nimechelewa. Pole sana, nimekataa."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini sasa lazima mmoja abaki, na abaki nani? Nasra alikuwa mgeni wetu, tumemtoa kwao sisi wenyewe. Shinuna ndiye safari. Wa kaka yangu walikuwa amana. Nikamtazama Rayya wangu, naye akajua kabla sijafungua mdomo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na wiki nzima alikuwa amelala na glavu zake mpya.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni wangu."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na liliniuma kulitamka. Aliniwekea glavu mkononi akaenda kukaa mwisho wa kioo, mgongo amenipa.

Njeri aliwafunza kusimama, kuteleza hatua mbili, kuanguka kwa ubavu. Kisha akawapandisha kwa lile zulia la umeme linalovuta wanafunzi mpaka juu. Kila waliposimama alitaja majina, akigusa kofia moja moja. Mara ya nne akagusa kofia tano, na jina la Shinuna likabaki mdomoni. Kumbe alikuwa ameteleza pembeni ya zulia, mbao yake moja ya kutelezea imekwama chini yake, amefunikwa na godoro la uzio, na muziki ule mkubwa umemeza sauti yake. Hata mimi niliyeapa kutobandua macho sikumwona. Njeri aliwaketisha wale watano chini, akateremka kando ya zulia, akarudi naye amemshika mkono. Dakika mbili, pengine. Nilikaa sakafuni, watu wananipita.

Saa kumi tuliondoka. Nilimkamata Shinuna mkono mpaka ndani ya basi, nikamfunga mkanda mwenyewe. Kisha, Mama asisikie, nikagusa vichwa kimya kimya. Sita. Nilipumua. Sita kamili, kama nilivyoapa.

"Twende," nikamwambia Nassor. Akawasha gari.

"Zima," akasema Mama.

Alikuwa amekwisha kugawa mkate. Kipande kimoja kilikuwa bado mkononi mwake.

"Nani hajala?"

Nilitazama kile kipande, nikatazama vichwa. Saba. Tulikuwa na watoto saba, na mimi kutwa nzima nilikuwa na sita kichwani.

Nilikimbia mpaka viatu vikanitoka. Rayya alikuwa palepale mwisho wa kioo, anawatazama wanafunzi wa zamu iliyofuata.

"Nilijua mtakuja tu," alisema, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Nililia mimi. Nikamwahidi kwamba baada ya Idi tutarudi, na wa kwanza kuandikwa atakuwa yeye. Na tulirudi.

Njiani, tulipoipita Hatta, nilimwambia Mama, "Kumbe siku zote unahesabu."

"Mie siwahesabu," akajibu. "Nnawalisha."

"Na siku ile Sidab?"

Alikikunja kitambaa cha mkate. "Nlibakiwa na kipande," akasema.

Tulimshusha Nasra kwao Barka, na Ansab tulifika baada ya Isha. Thuraya alikuwa amesimama barazani. Shinuna aliruka akamkumbatia kiunoni, akaanza kusimulia theluji bila kupumua. Thuraya alinitazama juu ya kichwa cha mwanawe.

"Wote wamerudi?"

Zamani ningemjibu kwa idadi, tena kwa kiburi. Nilikichukua kikapu cha Mama, nikakifunua, nikamwonyesha kwamba ndani hakuna kipande kilichobaki.