Abiria wa Pemba Waliopotea Kwenye Seva

Programu ya kwanza ya kukata tiketi kwa intaneti mjini Tanga niliiandika mimi, na kama yupo aliyenitangulia, basi hajajitokeza. Hakuna aliyenisomesha. Stashahada ya kompyuta niliipata Maskati kwa jasho langu, mchana nikipanga mizigo ghalani, jioni nikiwa darasani. Niliporudi, biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye mtaji anaanzisha lake, na tajiri mmoja mwenye boti ya Pemba akanipa kazi.

Chumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, programu ilikwenda kama maji. Niliijaribu kwa abiria wa kubuni, kila mmoja na jina lake na namba yake ya simu, wote wakatokea. Nikaihamishia kwenye seva tuliyokodi Ulaya. Idi ilipokaribia, Wapemba wa mtaani kwetu wakaenda duka la intaneti kujiandikisha, na hapo wakaanza kupotea. Akiingia wa pili, wa kwanza hayupo.

Tajiri alinijia asubuhi. "Msomi, seva yako inakula watu. Ikifika alasiri hawajarudi, nalirudia daftari langu, nawe utafute pa kuipeleka Maskati yako."

Niliipitia programu mstari kwa mstari, nisione kosa. Maskati ukikwama, wa meza ya pili anachungulia, anakucheka, mnaendelea. Hapa sikuwa na wa kumwambia "hebu tazama." Nilijieleza kwa sauti, nikajijibu mwenyewe. Mwisho nikaenda duka la intaneti kuwatazama abiria wenyewe. Nilimkuta mama wa Kipemba, jirani yangu, na wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umenitosa baharini hata boti sijapanda!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwomba ajiandikishe upya mbele yangu. Jina, sawa. Simu, akataja ya mwenye duka la mtaani. Aliyemfuata akataja ileile. Na wa tatu.

"Kwani nyote mna simu moja?"

"Tuna mtaa mmoja. Mtu akipigiwa, anaitwa. Wewe hujaitwa hata siku moja?"

Nikageukia kompyuta. Nilikuwa nimeshaliona kosa. Programu ilimtambua abiria kwa namba ya simu. Namba ikijirudia, ilidhani ni mtu yuleyule kabadili jina, ikamfuta wa mwanzo. Nikaibadili palepale, kila tiketi ikapata namba yake, nikaipandisha tena kwenye seva. Wakajiandikisha upya, hakupotea mtu. Mwingine angehangaika wiki nzima. Mimi hata adhana ya alasiri ilikuwa bado. Tajiri alitazama, akasema "Haya," akaondoka.

"Na wewe jiandikishe basi," mama akaniambia. "Idi hailiwi na mtu peke yake."

"Lazima mtu abaki na seva."

Walipopanda boti kwenda Pemba, mtaa ukanyamaza. Seva haikuwa na hitilafu hata moja ya kunishughulisha. Nilikwenda lile duka la mtaani lenye simu kununua sukari nisiyoihitaji, nikamwambia mwenye duka kwamba ningependa kuwapa namba yake jamaa zangu wa Maskati.

"Si una simu yako hiyo mkononi?"

"Ndani haishiki vizuri."

Akanipimia sukari. "Basi wakipiga tutakuita. Watapiga lini?"

"Wakati wowote," nikasema.