Mchora vita vya ziwani akataa kuuchana mchoro wa 31

Saa kumi na mbili asubuhi, Fairfield, ughaibuni, kwenye kiwanda cha kufulia. Shuka za hospitali zinatoka kwenye mashine zikiwa bado zinafuka mvuke. Anésie anazidaka mbili mbili, anazinyoosha, anazikunja mara nne na kuzisukuma kwenye toroli. Kwa zamu moja ya saa nane hukunja shuka zipatazo elfu moja na mia mbili.

Saa nne, wenzake wanapokimbilia chai, yeye anatoa penseli mfukoni mwa aproni, anageuza karatasi iliyotumika na kuanza kuchora boti.

"Hii ilikuwa na injini mbili," anasema bila kuinua macho. "Moja ilikuwa inakohoa. Unaisikia kabla ya kuiona."

Anésie ana umri wa miaka 47. Kwa miaka sita amekuwa akichora historia ya mapigano ya majini katika Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: boti gani zilifungwa rashasha, nani alimvizia nani, kipi kilizama na wapi. Michoro arobaini ya kitabu chake imekamilika, kila mmoja na maelezo yake ya Kiswahili.

"Vita ya msituni kila mtu anaijua," anasema. "Ya majini nani aliandika? Maji hayana kaburi. Kitu kikizama, yanajifunga."

Baba yake alikuwa fundi rangi bandarini Kalemie. Ndiye aliyekuwa akiandika majina ya boti ubavuni, na bintiye alijifunza herufi kwa kumshikia kopo. Mzee alipofariki, Anésie akarithi brashi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili vita vilipoingia bandarini, na wanajeshi wakamletea kazi: futa majina, paka kijivu.

"Kukataa je?"

"Aliyekataa hakurudi kwao."

Mwaka wa pili wa vita akaamriwa kuipaka boti iliyoitwa Subira rangi za upande wa pili, buluu na mstari mweupe. Aliipaka vizuri, anasema, kwa sababu hakujua kupaka vibaya. Siku mbili baadaye, mchana kweupe, Subira ikaisogelea Mapendo, boti ya abiria iliyotoka upande ule. Abiria wakaipungia mkono wakidhani ni ya kwao. Rashasha zikafunguliwa. Walizama watu arobaini.

"Walipunga mkono kwa sababu ya rangi yangu."

Huo ndio mchoro wa 31. Pembeni, kwenye gati, amejichora mwenyewe, brashi mkononi.

Machi mwaka huu, jumuiya ya watu wa kwao ilimpa ukumbi ili aionyeshe michoro yake. Wiki moja kabla ya siku hiyo, mwenyekiti alimfuata nyumbani.

"Mama Keza, vita ilishaisha," alimwambia. "Ile picha itatuchafua sisi wote wa upande huu. Toa hiyo moja tu. Thelathini na tisa zinabaki."

"Papa, miye nilitumwa kufuta majina nikielekezewa bunduki mgongoni," Anésie alimjibu. "Leo wewe unanituma bila hata bunduki. Sifuti."

Mwenyekiti aliondoka bila kumaliza chai. Kesho yake ukumbi ukawa haupatikani tena.

Anésie hafichi kwamba aliyumba. Binti yake Keza, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Parramatta, alimkuta mezani ameushika mchoro huo, na ukingo wake umekwisha kuchanika kidogo. Keza aliuchukua taratibu mikononi mwake.

"Mum, ukitoa hiyo page, hakuna kitabu," alisema.

Jumamosi wakaianika michoro yote uani kwao, kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio. Watu wakaanza kuja wawili watatu, hadi ua ukajaa. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba mwanamke hawezi kujua mambo ya vita.

"Nikamwuliza, wewe ulikuwa kwenye boti gani? Akasema wakati ule yeye alikuwa Zambia."

Saa tisa alasiri akaingia Yvette, mhudumu wa nyumba ya wazee kutoka Liverpool, kitongoji cha jirani. Yeye ni wa upande ule wa pili. Alisimama mbele ya mchoro wa 31 karibu saa nzima, kisha akauliza mwanamke aliye kwenye gati ni nani.

"Ni miye," Anésie akajibu.

Yvette hakupiga kelele.

"Kaka yangu alikuwa ndani," alisema. "Sikusamehe. Lakini hapa umekosea. Turubai ya Mapendo ilikuwa ya kijani, siyo nyekundu. Alikaa chini yake. Nilikuwa nimesimama pale ikiondoka."

Anésie akaingia ndani, akatoka na rangi, akaibadilisha turubai pale pale huku Yvette akimwangalia. Ilipokauka, Yvette akaomba kalamu, akaandika jina la kaka yake chini ya mchoro, akaenda zake.

"Neno lake linaniuma mpaka leo," Anésie anasema. "Sikumwomba alirudishe. Ni haki yake."

Tangu siku hiyo simu zimekuwa zikiingia, nyingine kutoka mbali, na majina ya waliozama na Mapendo yamefika kumi na manne. Mwenyekiti naye amemtumia ujumbe mara mbili akimtaka afikirie upya. Hajajibiwa.

Mpango wa Anésie ni kukichapisha kitabu kabla ya mwaka kwisha, kwa mchapaji mdogo wa Liverpool. Ukurasa unaotazamana na mchoro wa 31 utakuwa wa majina tu.

"Nimeacha mistari ishirini na sita mitupu," anasema. "Anayejua jina alilete, nitaliandika kwa herufi za baba yangu. Anayeona haya, aruke ukurasa. Miye siuchani."