Nchi Yetu ya Maili Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo, koleo na blanketi, nikaambiwa nipande toroli mpaka Longonot. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau. Gengi letu lilikuwa la watu wanane, na kazi yetu ilikuwa kutunza maili nne za njia ya reli: kubadilisha mataruma yaliyooza, yaani yale magogo yanayobeba reli, kushindilia kokoto chini yake na kukaza boliti.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Ochola, mtu asiyepandisha sauti. Juu yake alikuwa Inspekta wa Njia, Mzungu aliyetukagua kila wiki. Inspekta aliagiza tulale kikabila, kila kabila na nyumba yake. Mzee Ochola aliitikia ndiyo bwana. Toroli ya Inspekta ilipoondoka alitukusanya, akasema kwamba kutoka nguzo ya maili ya kwanza hadi ya mwisho ilikuwa nchi yetu, na sheria zake tungetunga wenyewe.

Tulicheka. Jumapili tukaanza kubishania sheria hizo, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa akicheka tena. Tungepika sufuria moja. Mtu akiugua, wenzake wangemshindilia sehemu yake ya kokoto. Na ndani ya nguzo zile hakuna ambaye angeulizwa kabila lake, wala kumtaja mwenzake kwa kabila.

Bendera ndiyo iliyotusumbua. Nyekundu husimamisha garimoshi na kijani hulipitisha, kwa hiyo rangi hizo zilikuwa za reli, si zetu. Gathogo, mwenzetu aliyejua sindano, alitwaa mfuko mweupe wa unga wa ngano, akashonea juu yake umbo la sufuria alilolikata kutoka kwa mwavuli mbovu wa nyapara. Chini yake akatia mishono minane ya urefu mmoja, wa nyapara haukuzidi mwingine. Tukaitundika jikoni.

Huyo Gathogo ndiye niliyefanya naye kazi, yeye upande mmoja wa reli, mimi upande wa pili, tukipiga nyundo kwa zamu. Sijawahi tena kupata mwenza kama yule.

Asubuhi moja Inspekta alifika kwa lori na askari wawili. Wakikuyu walikuwa wakiondolewa kazini, akataka kujua wetu ni nani.

“Hapa kuna watu wa gengi tu, bwana,” Mzee Ochola alisema.

Inspekta akasema atalifuta kazi gengi zima. Akapita mbele yetu, akimkazia macho kila mtu. Aliponifikia, macho yangu yalimwendea Gathogo. Sikukusudia. Ilikuwa mara moja tu, lakini Inspekta aliona, akamgeukia.

Gathogo hakungoja kushikwa. Alilaza nyundo yake juu ya taruma, akataja jina lake na la babake. Aliporuhusiwa kuchukua blanketi, mimi na nyapara tulimfuata ndani, na Mzee Ochola akampa bendera. Gathogo aliirudisha.

“Wakinikuta nayo wataniuliza hiyo nchi iko wapi,” alisema. “Wacha ikae hapa.”

Lori lilipoenda naye nilimwambia Mzee Ochola kwamba kosa lilikuwa langu.

“Macho hayana nyapara, Masinde,” akasema. “Shika nyundo.”

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinielemea kuliko lawama. Baadaye nilihamishiwa Njoro, kisha Nakuru, nikawa nyapara mwenyewe. Miaka kadhaa baada ya uhuru nilimwona Gathogo stesheni ya Nakuru, amekonda, akisubiri garimoshi. Tulishikana mikono bila kuachiliana. Nikamweleza habari ya macho yangu, jambo ambalo hata mke wangu sikuwa nimemwambia.

“Nilikuona,” alisema. “Lakini nilikuwa nimeshaamua kujitaja. Wewe ulinitazama kwa sababu tulizoea kutazamana. Bila hivyo tungevunjana vidole.”

Garimoshi lake likaja. Hatukuonana tena.

Sasa nimestaafu, niko Kiamunyi, nafuga ng'ombe wawili. Vijana wakiniuliza kwetu ni wapi, nawatajia kijiji cha babangu, wanaridhika. Sijui ningeanzia wapi kuwaambia kwamba niliwahi kuwa na kwetu kwingine, ambako hakujaandikwa kwenye ramani yoyote, na kwamba ndiko moyo wangu unakolilia kurudi.