Tulisimama kwa Adabu

Wifi yangu mtaani wanamwita Mama Sponji, na wala hana mtoto hata wa dawa. Jina limetokana na kazi yake ya kutengeneza makochi. Kochi lililobonyea, kochi ambalo paka amelifanya pa kunolea kucha, mpelekee. Atalivua nguo zote libaki mbao na springi, kisha atalivalisha upya, na siku ya kulichukua utadhani umepewa la mtu mwingine. Mimi ni mke wa mdogo wake, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na namsema: ana mdomo, ana kiherehere, na anapenda wageni kupita kiasi. Hilo la wageni ndilo lililotuponza.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yao. Chumba cha pili ndimo anamolala baba mkwe wangu, ambaye amepooza upande mmoja na sauti imemtoka. Mlango kati ya vyumba hivyo haukufungwa hata siku moja. Wifi alikuwa anapiga nyundo kidogo, ananyamaza, anasikiliza, ndipo anaendelea. Akisikia mzee anagonga ubao wa kitanda, alitema misumari kiganjani na kwenda. Pengine mzee anataka maji, pengine anataka kugeuzwa. Pengine amesikia tu nyundo imepiga ovyo, maana yeye ndiye aliyemfundisha kazi ile, na hata kitandani hakuacha kumgombeza.

Wateja wasiomjua walidhani mvivu. Mmoja akamwambia, "Mama, mbona unapiga nyundo moja unapumzika?"

"Kazi yangu ni huyo aliyelala humo ndani," wifi akamjibu. "Kochi lako ndiyo mapumziko yangu. Sasa ukitaka nisipumzike, libebe."

Mimi ni mpishi wa shule ya hapo mtaani, jua likichomoza limenikuta jikoni. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, nyumbani anapita kusalimia tu. Msaidizi wa kulipwa tutampata wapi sisi? Kwa hiyo wifi akitoka kwenye chumba kile cha mbele, mzee anabaki peke yake mchana kutwa. Ndiyo hali yetu, na kila mtu mtaani aliijua, mpaka diwani, aliyewahi kuleta kiti chake cha ofisini kishonwe hapo hapo.

Sasa barabara. Mtaa wetu ulikuwa na njia ya udongo ambayo kiangazi ilikuwa vumbi na masika ilikuwa uji. Siku mzee alipoanguka kwa kiharusi, mvua ilikuwa imenyesha. Dereva wa teksi akafika mwanzo wa mtaa, akautazama ule utelezi, akasema yeye gari lake halijamaliza hata mkopo, haingii huko. Basi majirani wakamweka mzee kwenye kochi la mteja, lililokuwa limevaa upande mmoja tu, wakalinyanyua na kutembea nalo kwenye matope mpaka kwenye lami. Huku wanateleza, huku wifi anashika kichwa cha baba yake kisidondoke. Daktari alisema angewahishwa mapema kidogo, huenda sauti ingebaki.

Tangu hapo wifi alishikilia suala la barabara akawa hasikii la mtu. Ofisi za baraza la jiji alizigeuza kwao. Diwani akimwona kwa mbali anapitia mlango wa nyuma, naye anamsubiri huko huko nyuma. Mimi nilimwambia, "Wifi, utachapwa." Akasema wamchape, lakini wamchape wakiwa wamesimama kwenye lami.

Ndipo likaja tangazo kwamba madiwani watakaa katika ukumbi wa shule yetu kujadili fedha za barabara ya mtaa wetu. Vigelegele! Mtaa mzima ulikuwa kama una harusi. Kwenye tangazo hilo palikuwa na kipande kingine, kwamba watajadili pia mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Wifi akamuuliza diwani maana yake nini.

"Aa, hayo ni mambo ya kitaalamu, mama," diwani akasema. "Ninyi furahieni barabara."

Mambo ya kitaalamu! Mtu akikuambia hivyo, shika mkoba wako vizuri. Lakini nani alisikiliza? Tulishalewa lami ambayo haijamwagwa.

Siku ya kikao, wifi aliamka akafuta viti vyote vya ukumbi kwa kitambaa chenye maji. Mimi nilikuwa nimefagia tangu jana yake. Shule iko mtaani kwetu, kwa hiyo wenyeji ni sisi, na sisi watu wa mtaa ule tuna ugonjwa wa adabu. Tulifika mapema tukakaa, tumevaa vizuri, hata fundi baiskeli alikuwa amechana nywele. Mara yakaingia magari. Wakashuka madiwani, wakashuka maofisa, wakashuka na watu wenye suti ambao hatukuwajua, baadaye tukaambiwa ni wawekezaji. Viti havikutosha. Wageni wakabaki wanaangaza macho huku na huku.

Ni wifi aliyenyanyuka wa kwanza. "Jamani, hebu tuwapishe wageni," akatuambia. "Mtu hawezi kuja kwako akasimama wewe umekaa." Tukainuka wote, wazee kwa vijana, tukajipanga ukutani. Wenye suti wakakaa. Mmoja wao hata asante hakusema, alipangusa kiti kwa leso, kiti ambacho wifi alikuwa amekifuta asubuhi ile kwa mkono wake.

Meya akaanza. Alisoma haraka haraka kama mtu anayekimbilia basi. Fedha za barabara, kiwango cha lami, mitaro, halafu bila hata kuvuta pumzi akaingia kwenye mtaa kubadilishwa kutoka makazi kuwa ukanda wa biashara za kisasa, na mambo yote mawili yapitishwe kwa pamoja. Akauliza kama wananchi wana maoni. Wifi akanyoosha mkono. Meya akamtazama, nasema akamtazama, akageuka upande wa pili.

"Basi kwa kuwa hakuna maoni," akasema, "wakazi wanaounga mkono wasimame."

Sisi tulikuwa tumesimama! Tangu lini kupisha kiti kumekuwa kupiga kura? Meya akaangaza ukutani kote, uso umemkunjuka kwa furaha. "Naona wakazi wote wamesimama. Hongereni sana kwa uzalendo wenu." Na makofi yakapigwa, na aliyeanza kuyapiga ni yule mwenye leso.

Wifi ndiye aliyeshtuka kabla yetu. "Kaeni chini!" akapiga kelele. "Jamani kaeni chini, wanatuhesabu!" Akajibwaga sakafuni na nguo yake nzuri. Nami nikakaa. Fundi baiskeli akakaa. Mmoja mmoja, mpaka bibi mwenye miguu mibovu akasaidiwa kushuka, ukuta mzima ukawa mtupu na sisi tuko sakafuni. Wale wa kwenye viti wakatutazama tu, na kuna waliocheka.

"Mama, usituharibie kikao," meya akasema. "Hoja imeshapita."

"Tulisimama kuwapisheni viti!"

"Hoja imeshapita, mama."

Damu ilinichemka siku ile, na mpaka leo nikisimulia inachemka. Mtu akudhulumu kwa nguvu, angalau utasema alikuzidi nguvu. Hawa walichukua adabu yetu wakatugeuzia kuwa saini.

Barabara ilijengwa, sitasema uongo. Ni nzuri, ina mitaro, taa zinawaka. Lami ilipokauka tu, akaja afisa wa mipango miji, kijana mpole, shikamoo nyingi. Akamweleza wifi kwamba katika ukanda wa biashara za kisasa karakana haziruhusiwi, kwa sababu ya kelele na vumbi. Nyumba ni yenu, akasema, kaeni. Lakini kazi ya makochi ihamie eneo la mafundi, kule upande wa pili wa mji, ambako jiji limemtengea kibanda.

"Na baba?" wifi akauliza.

"Mzee hana tatizo, mama. Mzee anaruhusiwa kubaki."

Eti anaruhusiwa! Nyumba aliyoijenga mwenyewe! Wifi akamshika kijana mkono, akamwingiza chumba cha pili, akamwonyesha kitanda, akamwonyesha mlango usiofungwa. Kijana wa watu akaona aibu, nilimwona. Akasema yeye ametumwa. Tukaenda kwa diwani, diwani akasema aliyepitisha si yeye, ni baraza. Tukaenda barazani, wakatuambia kumbukumbu za kikao zinaonyesha wakazi wote walisimama. Kukaa kwetu sakafuni hakukuandikwa popote.

Wifi aligoma, akaendelea na kazi. Wakaja askari wa jiji na gari, likaegeshwa mlangoni kabisa, juu ya lami aliyoipigania. Wakabeba cherehani, nyundo, sponji, hata kochi la mtu. Mkubwa wao akasema, "Mama, vitu vyako havijapotea, vinakusubiri kibandani."

Basi akaenda kibandani, angefanyaje? Mzee anakula kwa nyundo ile. Alimlisha asubuhi, akamwekea maji karibu, akamwomba jirani wa duka achungulie. Jirani naye ana duka lake, alichungulia wateja walipopungua. Na siku moja wateja hawakupungua. Wifi aliporudi alimkuta baba yake sakafuni, amebanwa kati ya kitanda na ukuta, nguo zimelowa, vidole vya mkono usiopooza vimechubuka kwa kugonga. Aligonga mpaka damu. Hakuna aliyesikia.

Wifi hakulia. Mimi ndiye niliyelia, yeye alichemsha maji akamwogesha, akamfunga vidole, na alipomaliza akamwinamia sikioni.

"Baba, kesho twende mjini?"

Upande wa mdomo wa mzee unaofanya kazi ukacheka.

Niliomba ruhusa kazini. Tulimvalisha mzee shati lake jeupe, tukamketisha kwenye kiti cha magurudumu, tukamsukuma kwenye lami ile mpaka ofisi za jiji. Mlinzi akauliza tuna miadi na nani. Wifi akasema na meya, tena ya muda mrefu. Mlinzi alipoona mgonjwa akafungua geti.

Kwenye chumba cha kusubiria cha meya kulikuwa na makochi mazuri ya ngozi, na katibu muhtasi wake yuko kwenye kompyuta. Wifi akasukuma kiti cha baba yake mpaka mbele ya meza ya yule dada, akafunga breki za magurudumu, akaweka juu ya meza chupa ya uji na kijiko, kando akaweka mfuko wa nguo za kubadilisha.

"Dada yangu, habari za kazi. Huyu ni baba yangu. Uji wake usiwe wa moto sana, na umpe kidogo kidogo, anapaliwa. Ageuzwe upande kila akianza kukunja uso. Haja ndogo hawezi kusema, mtazame tu utamjua. Mimi nakwenda kazini, kule mlikonipangia. Nitampitia jioni."

Dada wa watu akainuka, mdomo wazi. "Mama, subiri! Mama!"

Kelele zikamtoa meya ofisini. Akamwona mzee, akaona uji juu ya meza, akamwona wifi, na nadhani akamkumbuka, kwa maana alishusha sauti.

"Mama, kuna nini?"

"Kazi tu, mheshimiwa. Nachelewa."

"Lakini huwezi kumwacha mgonjwa hapa! Nani atamwangalia? Hapa watu wana kazi zao!"

"Hata mimi niliwaambia hivyo hivyo," wifi akasema.

Akamwinamia baba yake, akamweka sawa kola ya shati, akambusu paji la uso. Kisha akatoka. Meya akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeketi kwenye kochi la ngozi.

"Wewe si ndugu yao? Mchukue mzee umrudishe nyumbani. Hili suala tutaliangalia upya."

"Nyumbani hakuna mtu, mheshimiwa," nikamwambia. "Liangalie ukiwa naye hapa."

Sikuinuka.