Kompyuta Iliyovishwa Sura Isiyo Yake

Saa tatu asubuhi, Mama Bisibisi ameinamisha kichwa na kuweka sikio juu ya kompyuta ya mkononi, vile mtu anavyomsikiliza mtoto mwenye mafua akipumua. Mkono mmoja umelala juu ya mashine. Mwingine ameuinua hewani kuwaambia watu wote wanyamaze.

Watu wote ni watatu. Mshona viatu anayetumia naye kibaraza kimoja ameacha kugonga soli. Kwenye benchi wamekaa mume na mke. Mume ni dereva wa gari la maji, mtu mpana, na amekaa kama anayengoja majibu ya daktari.

"Feni inazunguka," fundi anasema hatimaye. "Ndani mna uhai. Tusilie kwanza."

"Mimi sijalia," mke anajibu. "Anayelia ni huyu hapa."

Mshona viatu anacheka mpaka anaangusha msumari.

Duka la Mama Bisibisi liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, na kila anayepanda anapita juu ya kichwa chake. Dari linashuka kadiri unavyoingia ndani. Mlangoni fundi anasimama, katikati anakaa, na vitu vya nyuma kabisa anavifuata kwa magoti. Skrubu za kila mashine zina kifuniko chao cha chupa. Vumbi analipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoachiwa na dada yake msusi. Jina lake limetokana na bisibisi ndogo anayoichomeka kwenye nywele, ambayo siku nyingine huigundua akiwa ameshalala.

Hakuanza akiwa fundi. Alikuwa akiuza chaja na vifuniko vya simu nje ya mlango huo huo, na fundi wa zamani akizidiwa na kazi alimwita amshikie tochi.

"Nilishika tochi hadi nikajua atakachofanya kabla hajakifanya," anasema. "Halafu nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa nanyonyesha. Mwalimu anafundisha diski, mimi nabadilisha ziwa."

Mtoto aliyekuwa akinyonya sasa ana miaka minne, na mchana hulala kwenye boksi la printa lililotandikwa shuka. Siku njema, kazi hulipia kodi na ada yake ya chekechea. Siku mbaya, mama anauza chaja mbili na kurudi nyumbani.

Katika kazi hii, mfumo wa kompyuta ukiharibika, njia ya mkato ni kufuta kila kitu na kuuweka upya. Mteja anaondoka na mashine nyepesi, safi na tupu. Mama Bisibisi hufuta pia, lakini kwanza humuuliza kila mteja swali moja: "Humu ndani mna nini ambacho huwezi kukipata tena?"

Mke wa dereva anaulizwa hivyo, naye anajibu bila kufikiri.

"Hesabu za darasa la sita."

Mama huyu hajaona tangu alipougua akiwa mdogo. Kazi yake ni kugeuza vitabu vya shule viwe vya nukta nundu, yale maandishi ya vidole. Kitabu cha hesabu kimemchukua miezi minane. Kila sehemu, kila jedwali, kila pembetatu ameipanga upya kwa nukta. Jumatatu kinatakiwa kuingia kwenye mashine ya kuchapa, na wanafunzi wasioona wa shule moja wanakingoja. Leo ni Ijumaa.

"Mwaka jana walisoma hesabu kwa kusikiliza tu," anasema. "Hebu jaribu wewe kugawanya sehemu kwa masikio."

"Na nakala hukuweka pembeni, dada?"

"Niliweka ya sura mbili za mwanzo. Zilizobaki nikawa nasema kesho, kesho."

Mume anakohoa. Ni zamu yake, na anajua.

Kompyuta ilikuwa nzima, anaeleza. Ila alikuwa akiona aibu wageni wakija, wanamkuta mke wake anafanya kazi kwenye kioo cha kijivu kama ukuta wa gereji. Ndipo mwenzake kazini akampa mandhari ya kuipendezesha: rangi, vitufe na fremu za madirisha, vyote vyeusi vyenye dhahabu. "Nikasema mke wangu anastahili kitu kizuri."

"Kioo chenyewe sikioni, baba."

"Najua hukioni. Wao wanakiona."

Hakuna anayecheka. Mke anaupapasa mkono wa mumewe na kuubana.

Mandhari hayo yalitengenezwa kwa mfumo wa zamani. Kompyuta ilionya, yeye akabonyeza ndiyo. Ikaonya tena, akabonyeza ndiyo. Maelekezo yalimtaka azime ile huduma inayoweka kumbukumbu za kurudi nyuma mambo yakiharibika. Akaizima. Kompyuta ilipowaka upya ilipokea neno la siri vizuri, kisha kioo chote kikawa cheusi.

Kwa mkewe msiba ulikuwa mwingine. Kompyuta yake ina sauti inayomsomea kila kilichoandikwa, na nyumbani wameibatiza Shangazi, kwa kuwa haipiti kitu bila kukisemea. Asubuhi ile alibonyeza, akangoja. Shangazi hakusema neno.

Duka la kwanza waliloenda waliambiwa dawa ni kufuta. Mke aliichukua mashine yake juu ya meza kabla fundi wa huko hajamaliza sentensi.

"Mandhari mazuri yanabadilisha nguo," Mama Bisibisi anawaeleza. "Haya yamebadilisha na ngozi. Yametoa vitu vya mfumo wenyewe yakaweka vyake, na mfumo huu mpya hauvitambui."

Anaanza na lililo jepesi: kuiwasha mashine na vile vya lazima tu, mengine yote yamelala. Kioo kinabaki cheusi. Anatafuta kumbukumbu za kurudi nyuma. Hazipo, zilizimwa. Dereva anaangalia viatu vyake. Kuitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine hakusaidii, kwa sababu imefungwa kwa ufunguo mrefu wa siri ambao hakuna hapo aliyewahi kuuona.

Anabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kioo kinapepesa. Kitu kimefunguka, lakini maandishi yake ni meusi juu ya weusi. Fundi anamulika kwa tochi, anakilaza kioo, anakiinua, anachungulia kwa pembeni. Hakuna kitu.

Anaichomoa bisibisi nyweleni, anaiweka mezani. Mshona viatu, anayemjua, anasema chinichini, "Amekwama."

"Mlango nimeufungua," fundi anasema. "Ila ndani ni giza tupu. Sioni nabonyeza nini. Nikikosea hatua moja, kitabu kinaweza kwenda."

Mke anainua uso.

"Giza la namna gani?"

"Kioo cheusi, dada. Na maandishi meusi."

"Basi nipishe, fundi. Hapo ndipo ninapofanyia kazi kila siku."

 Mama Bisibisi anampisha kiti, anamshika bega, anamketisha.

Vidole vya mama yule vinashuka juu ya kibodi na kusimama kwenye vinundu viwili vidogo vya katikati, ambavyo wengi wenye macho hawajui kama vipo. Anaomba mashine izimwe na kuwashwa. Ikifika mahali pa neno la siri, kabla ya giza, anabonyeza vitufe vyake. Sauti ya kiume inatoka mbio mbio kama mtu anayekimbizwa.

"Huyu siye Shangazi," anasema. "Huyu ni Mjomba, alizaliwa na kompyuta, kila mashine inaye. Huwa hatuelewani, ana papara. Lakini leo karibu sana, Mjomba."

Kioo kinazama kwenye weusi. Mjomba anaendelea kusema.

Kinachofuata ni vigumu kukieleza kwa asiyekuwepo. Wanawake wawili wamekaa mbele ya kioo kisicho na kitu, na kompyuta inawatii. Mmoja anajua kinachotafutwa. Mwingine anajua kutembea.

"Nataka pale pa kuitia programu kwa jina," anasema fundi.

Vitufe vinalia. Mjomba anataja kitu. "Tupo," mke anajibu. "Niandike nini?"

Baada ya muda fundi anafumba macho. "Yananisumbua," anasema. "Yanalazimisha kuangalia pasipo na kitu."

Wanakwenda kwanza kwenye kitabu. Mjomba anasoma majina ya mafaili kwa kasi isiyoshikika, mke anayapita moja baada ya jingine, kidole juu ya kitufe, hadi sauti inaposema: hesabu, sura ya kwanza. Kidole kinasimama. Mke anavuta pumzi. Chini kidogo, sura ya pili. Ya tatu. Zote zipo.

Flashi inaingia. Sura zinanakiliwa. Mama Bisibisi hatosheki, anaipeleka flashi kwenye kompyuta yake mwenyewe, anafungua sura ya mwisho, na sauti ya Mjomba inawashwa humo pia isome mstari wa mwisho.

"Ndiyo yenyewe," mke anasema. "Hilo swali la pembetatu nililipanga nikiwa na homa."

Dereva ametoka nje. Amesimama kuelekea ukutani, mgongo mpana unatikisika. Mshona viatu anamfuata na kumpa kitambaa.

"Jifute, kaka. Ila taratibu, kina rangi."

Sasa hofu imekwisha, na fundi anarudi kwenye ugonjwa wenyewe. Anaamuru mfumo ujikague kiungo kwa kiungo, na kila kilichobadilishwa ukirudishe cha asili. Mke ndiye anayeandika amri. Mjomba anatangaza asilimia, kumi, ishirini, na mama mmoja aliyekuwa akipanda ngazi na mkoba wa mboga amesimama katikati kusikiliza kompyuta ikihesabu yenyewe gizani.

Mia moja. Mashine inazimwa, inawashwa. Neno la siri. Weusi kidogo, ule wa kawaida. Kisha kile kioo cha kijivu kinajitokeza, kimepauka vilevile, na dereva, aliyerudi mlangoni, anakiona kizuri kuliko dhahabu yoyote. Na sauti ya mwanamke, tulivu, kana kwamba hakukuwa na lolote, inataja saa na kusema betri ni ndogo.

"Shikamoo, Shangazi," anasema mke, na hapo ndipo naye anapolia.

Mshona viatu hajashika tena nyundo yake. "Muda wote nimekaa hapa," anasema, "nikidhani kompyuta ni kitu cha kuangalia."

Mama Bisibisi mwenyewe bado ameshangaa. "Miaka tisa niko kwenye kazi hii, tangu nikishika tochi," anasema. "Sijawahi kumwona mtu akitembea ndani ya mashine namna ile. Mimi huwa nachungulia kutoka nje. Yeye alikuwa ndani."

Malipo yalipangwa palepale, na nusu yake haikuwa fedha. Kila Jumatano mchana mtengeneza vitabu hupita dukani. Fundi hufunika kioo kwa kitambaa, na mteja wake humfundisha kutembea kwa vitufe na sauti. "Ni mkali," anasema Mama Bisibisi. "Nikikosea ananipiga vidole kwa rula."

Kabla ya kuondoka siku ile, mke alikuwa na ombi moja. Alimtaka fundi amtafutie mume wake mandhari meusi yenye dhahabu, yale yanayoendana na mfumo mpya. Yamewekwa, na Shangazi anasema bila tatizo. Wageni wanasifia.

Kitabu kilichapwa. Mama Bisibisi alikwenda shuleni kukiona, akakuta watoto wawili wakigombania ukurasa mmoja kwa vidole, kila mmoja akidai jibu la mwenzake si sahihi. Alisimama dirishani hadi kengele ikalia.

Tangu hapo ana mpango. Chumba kilicho upande wa pili wa ngazi ni kitupu, na dari lake halishuki. Anataka kukipanga, aweke meza mbili na kompyuta zisizohitaji kioo, na afundishe ufundi kwa vijana wasioona. Mwenye nyumba ameshaulizwa. Hajakubali, ila hajakataa.

"Wale watoto ndio nawalenga," anasema, akimfunika shuka binti yake aliyelala kwenye boksi. "Sasa hivi wako kwenye sehemu na desimali. Wamalize kwanza, mimi naendelea kumsumbua mwenye nyumba."