Siku Nilipompa Winga Cheo cha Afisa Masoko

Naomba mcheke sasa hivi, mmalize kabisa, ili nikifika kwenye sehemu inayouma mnisikilize, maana kila nikiusimulia mkasa huu watu hucheka mpaka mwisho na mimi hubaki peke yangu na aibu yangu. Video yenyewe ilishaondolewa kwenye ukurasa wa chuo, lakini haikusaidia kitu, kwa sababu kabla haijaondolewa ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu yote ya hosteli, na hadi leo nikiingia kantini lazima kuna mtu atanyanyua kijiko na kuita, "Mzigo wa Uturuki huo!" Mimi hujifanya naongea na simu.

Naitwa Hamidu, nasoma masoko (ndiyo, masoko, na hilo nalo mlicheke), na mwenzangu kwenye biashara alikuwa Neema, msichana wa Masasi tunayesoma naye darasa moja. Neema alikuwa anashona mikoba ya kitenge yenye mfuko wa ndani wa kuwekea laptop, mikoba imara, ukiuvuta mkanda wake, unachoka wewe, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kuposti, kujibu "bei gani?" na kujiita mkurugenzi. Cherehani yake ilikaa Magomeni kwenye nyumba ya shangazi yake, koridoni, ile korido ya katikati yenye vyumba vya wapangaji huku na huku, kwa hiyo kila mpangaji aliyepita na ndoo Neema alisimama, akasogeza kiti, akampisha, akakaa, akaendelea na mshono wake. Na hata hapo pa kusogeza kiti palikuwa panaelekea kwisha, maana wapangaji walikuwa wamelalamikia kelele, na shangazi akamwambia kwa upole kabisa kwamba mwanangu, semista hii ikiisha itafutie mashine yako mahali pengine, mimi siwezi kugombana na watu wanaonilipa kodi.

Sasa hapo ndipo chuo kikaleta mambo mapya. Zamani programu ya kuwasaidia wanafunzi wajasiriamali ilikuwa semina tu, mnakaa ukumbini, mgeni rasmi anawaambia mthubutu, mnakula pilau, mnapewa cheti, mnarudi hosteli na shida zenu zilezile. Akaja mratibu mpya, Dokta Kisanga, mama mmoja mfupi asiyependa hotuba, akafuta semina yote na pilau yake (kuna watu hawajamsamehe mpaka leo), akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mwenye biashara atatembelewa hapohapo anapofanyia kazi, ziara itarushwa laivu ili wengine wajifunze, na atakayechaguliwa atapewa chumba kwenye karakana mpya ya chuo, chenye umeme, mlango wa kufuli na mtu wa kumshauri. Vyumba vingine vyote vilikuwa vimeshapata watu, kilibaki kimoja. Neema aliposikia aliniuliza mara mbili kama kweli mlango una kufuli.

"Basi waje Magomeni," akasema.

Nikaiwaza ile korido. Nikayawaza majiko ya mkaa, kandambili zimezagaa, yule mama wa chumba cha mwisho anayekaanga dagaa kuanzia asubuhi, halafu vyote hivyo vinarushwa laivu na chuo kizima kinatazama, na mimi nimesimama hapo katikati na suti ya kuazima.

"Neema, mkurugenzi gani anapokelea wageni koridoni?"

"Mimi si mkurugenzi. Mimi nashona."

"Niachie mimi."

Laiti angekataa. Akaniachia, na mimi nikaenda moja kwa moja kwa Anko Sudi, mdogo wake mama, mwenye duka la mabegi ya jumla pale Kariakoo, mtaa wa Kongo, nikamwomba atuazime ukuta wa mbele kwa siku moja. Anko Sudi hana roho mbaya, akasema leteni mikoba yenu jioni ya kuamkia siku hiyo, mimi mwenyewe nitawapangia vizuri. Neema akauliza, na mashine je, nikamjibu kitaalamu kabisa kwamba dukani hakuwekwi mashine, dukani kunawekwa bidhaa. Akaanza kuipanga mikoba kwenye mfuko, na mimi nikadhani amekubali.

Siku ya ziara Dokta Kisanga alinipigia kuwa wameshuka Msimbazi, yeye na wageni wawili kutoka taasisi moja inayofadhili hivyo vyumba, pamoja na mwalimu mmoja aliyeshika simu ya kurushia. Mtu mwenye akili angetoka kwenda kuwapokea. Mimi nikawaelekeza kwa simu, kwa sababu nilitaka wanikute nimesimama nyuma ya kaunta nimekunja mikono, kama tajiri. Nikasahau kwamba Kariakoo ukitembea unashangaashangaa huku umevaa kadi shingoni, huendi popote peke yako.

Kwa asiyejua, pale kuna watu wanaoitwa mawinga. Winga hana duka, duka lake ni mdomo, anamkamata mteja barabarani, anamwambia twende dukani kwangu, anampeleka kwenye duka lolote lenye hicho kitu, anapandisha bei kidogo, na kile cha juu ndicho chake. Na mwenye duka hamuumbui winga hata siku moja, winga akisema hili duka langu unaitikia, akisema kiatu hiki ngozi tupu unaitikia, maana ukimwumbua leo kesho anawapeleka wateja kwa jirani. Ndiyo heshima ya pale.

Basi wageni wangu wakaingia dukani wakiongozwa na winga mmoja ambaye baadaye nilikuja kujua anaitwa Chidi, anatembea mbele yao anawafungulia njia kwenye mikokoteni, "pisha wazito, pisha wazito!" Neema alikuwa amesimama kando ya mikoba yake, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mikono ameifumbata kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Shikamoo Dokta," nikasema.

"Marahaba. Hamidu, huyu kijana ametupokea vizuri sana. Ni mwenzenu?"

Jibu lilikuwa fupi tu, hapana, simjui. Lakini kamera ilikuwa usoni kwangu, na nikaona nikisema hapana itaonekana nimewaacha wageni wazurure Kariakoo wakiokotwa na mtu baki, na isitoshe nikaona kampuni yenye wafanyakazi inapendeza zaidi, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ndiyo, Dokta. Huyu ni afisa masoko wetu."

Neema akageuka akanitazama. Chidi hata hakupepesa macho, aliweka kola sawa tu (jamani, watu wa Kariakoo, ukimpa cheo hakuulizi cha nini).

"Safi," Dokta akasema, akamgeukia yeye badala ya mimi. "Hebu afisa masoko tuelezee bidhaa yenu."

Chidi akauchukua mkoba wa Neema, akaupigapiga mgongoni, akaunyanyua mbele ya kamera. "Huu mzigo wa Uturuki, mama. Umeingia juzi, haujamaliza hata wiki. Hizi siyo zile za kushona mtaani, ukiweka embe mbili mkanda unakatika. Hii orijino, ya nje!"

Na hapo msimlaumu. Alikuwa anatusifia. Pale mtaani huwezi kukipa kitu sifa kubwa kuliko kusema kimetoka nje, na yeye alikuwa anaitendea haki kazi niliyompa.

"Nimeshona mimi," Neema akasema.

Chidi akacheka kwa upendo. "Huyu dada mtani sana. Mama, shika mwenyewe uone."

Dokta akaushika, akaufungua, akaugeuza, akakuta ndani ya mfuko kuna kilebo kidogo cheupe kinachosema mkoba umetengenezwa Uturuki. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona. Neema naye hakuwahi kukiona, aliuchukua mkoba mwingine ukutani, ukawa nacho, akachukua mwingine, ukawa nacho, na kila akifungua mkoba uso wake unazidi kusinyaa. Nikamtazama Anko Sudi. Masikini Anko, akaona tumebanwa, akajitosa kutuokoa.

"Jamani, hizo lebo nimeweka mimi jana! Ninazo nyingi za mzigo mwingine. Nikaona watoto hawana lebo, na hapa kitu bila lebo hakiuziki."

"Kwa hiyo," mgeni mmoja akauliza taratibu, "mnabandika lebo za uongo?"

Dokta Kisanga, na hili nitamshukuru hadi kufa, alijaribu. Akamwambia Neema, basi mwanangu, tuoneshe unavyoshona, hata kipande tu.

"Mashine iko Magomeni," Neema akasema.

"Mbona iko Magomeni na duka liko huku?"

Neema akanitazama mimi. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na najua ilikuwa ya mwisho kwa sababu huwa naiota. Ningesema tu, Dokta, tunashonea koridoni, twendeni mkaone, si mbali. Badala yake nikasema, "Kiwanda chetu kiko Magomeni, Dokta." Kiwanda! Neno lilitoka likiwa limevaa tai.

"Kina wafanyakazi wangapi?"

"Wengi tu," akadakia afisa masoko.

Wageni wakaanza kutazamana, mmoja akasogea mlangoni, na Chidi alipoona wateja wanapoa akafanya kile ambacho winga yeyote hufanya wateja wakipoa. "Kama hapa hamjaridhika siyo kesi, twendeni duka la pili, mzigo ni huuhuu na bei wanasikiliza." Akatoka, na wale wakatoka naye, na kamera ikatoka nao. Kwenye duka la pili kweli palikuwa na mikoba imetundikwa, kitambaa cha kuchapwa mfano wa kitenge, ya nje hasa, ukiwa mbali huwezi kuitofautisha na yetu. Nikatoka mbio nikiita "Dokta! Dokta!" nikaruka meza ya soksi, nikatua kwenye mabeseni ya plastiki ya mama mmoja aliyekuwa ameyapanga vizuri chini, nikaenda nayo mpaka kwenye miguu ya wageni. "Pole bosi!" mtaa mzima ukaitikia. Hicho ndicho kipande mnachokijua, kile watu walichokiwekea muziki.

Niliporudi dukani, beseni la watu likiwa limepasuka na suruali ya suti ya watu imechanika, nilimkuta Neema anatoa mikoba ukutani mmoja mmoja, anatumia wembe kuitoa lebo, anakunja, anaweka kwenye mfuko. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Aliniuliza tu kama nimeumia.

Matokeo yalipotoka hatukuwemo. Neema akasema yeye ataenda kwa Dokta mwenyewe, nikamfuata nyuma, akaingia ofisini na mkoba aliouacha katikati, upande mmoja umeshonwa na mwingine unaning'inia nyuzi, na video aliyojirekodi kwa simu yake akishona. Dokta akaitazama. Ilipofika katikati akaisimamisha.

"Huyu anayepita na ndoo ni nani?"

"Mpangaji, madam."

"Na wewe unasimama kumpisha?"

"Ndiyo, madam. Ndipo ninaposhonea."

Dokta akavua miwani. Sijui kama alikuwa anaongea na Neema au na mimi, lakini macho yalikuwa kwangu. "Vile vyumba niligombana na watu kuvipata, nikasema ni kwa ajili ya wanafunzi wenye kazi nzuri ambao hawana pa kuifanyia. Ndiyo maana nikasema tutawafuata mlipo. Ninyi mkanionesha duka Kariakoo."

Chumba alikuwa ameshapewa kijana mmoja anayetengeneza simu chini ya ngazi za hosteli. Aliwapokea hapohapo chini ya ngazi, tukaambiwa, wageni wameinamisha vichwa wasigonge. Neema akasema asante madam, akakunja mkoba wake, akatoka. Mlangoni alisimama kidogo, akajifuta uso kwa kile kitenge ambacho hakijamalizwa kushonwa.

Semista ilipoisha shangazi hakubadilisha kauli, na hakuwa na sababu ya kuibadilisha. Cherehani ikapakiwa kwenye basi la Masasi kwenda kwa mama yake Neema, ambaye hajui kushona. Mimi ndiye niliyeibeba kutoka Magomeni hadi stendi, na njia nzima Neema aliniambia kitu kimoja tu, "Shika vizuri, Hamidu, usiiangushe." Siku hizi tunasalimiana vizuri, mambo, poa, basi. Hashoni, amesema atatafuta ajira kama watu wengine.

Nimeapa, na mlioko hapa mnishuhudie, kwamba mtu akija tena kuniuliza kazi yangu naifanyia wapi nitamshika mkono nimpeleke hapohapo, pawe koridoni, pawe jikoni, pawe penye moshi wa dagaa, na sitamwongezea hata neno. Ila sina tena kazi ya kumpeleka mtu akaione.