Miche Mitatu Isiyo na Karatasi

Miche ile niliinunua mimi. Nasema hili mapema kwa sababu kijijini kila mtu anadai Obrenka aliponzwa na vya bei poa, na yeye hajawahi kuwasahihisha.

Obrenka ni jirani yangu, mjane wa rafiki yangu Tiosav. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na miplamu kumi na minne iliyopandwa na baba mkwe wake. Kila mkesha wa Krismasi Tiosav alichukua shoka, akausogelea mti uliozaa kidogo na kuutisha: "Utazaa au nikukate?" Obrenka, kajibanza nyuma ya shina, akaujibia: "Usinikate, mwaka huu nitazaa!" Kisha wakarudi ndani wakicheka, wakanywa rakia, pombe kali ya plamu hizohizo. Tiosav alipofariki, shoka nikalishika mimi. Mtoto hawakujaliwa. Obrenka aliniambia wazi kwamba miti ile ndiyo nyumba yake, ikiisha naye basi.

Vuli moja upepo uliangusha mitatu. Nikaenda gulioni kumtafutia mingine. Kwenye kitalu kila mche huuzwa na karatasi yake ya ukaguzi wa magonjwa, na bei yake inauma. Pembeni palikuwa na gari la bluu lenye miche, mizizi imefungwa kwa magunia, bei theluthi moja.

"Karatasi iko wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Mzee, unapanda mti au unaoa?"

Nilicheka, nikalipa. Wahenga walisema rahisi ghali. Siku ile nilijiona mjanja kuliko wahenga.

Obrenka aliigeuzageuza miche. "Shemeji, mbona hii haina karatasi?"

"Karatasi ni za watu wa mjini. Chimba, shemeji."

"Haya. Ikinifia, nitakuzika wewe kwenye mashimo yake."

Haikufa. Afadhali ingekufa. Masika ya pili niliona majani yake yana duara za manjano hafifu, kama alama ya kikombe mezani. Nilizijua. Ugonjwa ule ulimaliza shamba la mjomba wangu nikiwa mdogo. Niliyachuma majani yale nikayatia mfukoni.

"Unachuma nini huko?" Obrenka aliita kutoka dirishani.

"Wadudu tu!"

Sikusema uongo mtupu. Vidukari walikuwa wamejaa, wakifyonza mti huu na kuhamia ule, na kila walikotua waliuacha ugonjwa. Ningesema siku ile, pengine tungeng'oa mitatu tu. Nilinyamaza kwa aibu, na aibu yangu ikala shamba la watu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, plamu za miti ya zamani zilianza kudondoka kabla ya kuiva, zina mabonde kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Obrenka aliziokota kwenye aproni yake.

"Shemeji, mbona zinaanguka zote?"

"Ukame."

Aliyatazama mabuti yangu yaliyojaa tope. Tangu siku hiyo aliacha kuniita shemeji, akaniita Vukoman kama watu wengine.

Akamwita bibi shamba, binti mdogo mpole. Alipasua plamu moja, akageuza majani juani, akavua miwani.

"Dawa hakuna, bibi. Mng'oe yote mchome, vinginevyo ugonjwa utafika kijiji kizima. Ile miche michanga mliitoa wapi?"

Nilifungua mdomo. Obrenka akaniwahi: "Niliinunua mimi. Kwenye gari."

Jumamosi nilikwenda na shoka. Nilimkuta amesimama nyuma ya mti wa kwanza, palepale anaposimama kila mkesha, amevaa gauni lake la kanisani. Nikanyanyua shoka.

"Uliza kwanza," akasema.

"Obrenka, tusifanye hivyo."

"Tiosav hakuwahi kuunyanyulia mti shoka bila kuuliza. Uliza."

Nikaugeukia mti. "Utazaa au nikukate?"

Miaka yote jibu lilikuja kabla sijamaliza. Safari hii aliweka kwanza kiganja chake kwenye gamba la mti.

"Ningezaa," akasema. "Kata."